Yule Anayeita Mgongoni

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo, pale uwanja wa ndege, mbele ya mama yako na machozi yake, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za koti, za dawa ya kifua, za nyama halali na za kutomfungulia mlango kila anayebisha. Hayo mama yako ameyasema hadi friji letu limeyakariri. Sasa hivi amekupeleka Al Thumama kumuaga mama yako mdogo. Nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa kitandani kwako naandikia juu ya sanduku lako, maana meza yote umeijaza vitu ambavyo haviwezi kuingia ndani yake.

Juzi mlipokuwa mkikunja nguo nilikusikia ukimwambia mama yako, "Si Baba alinipiga marufuku kucheza mpira mwaka mzima kisa mi msichana. Khalas, yameisha, nilishamsamehe." Mkacheka. Mimi nilikuwa jikoni na kikombe mkononi, chai ikanishinda kunywa. Umenisamehe kosa ambalo sikulitenda, mwanangu, na nililolitenda hulijui. Siwezi kukuacha upande ndege na msamaha usio wangu.

Slavko wewe unamjua kwa sura ya kwenye simu: mtu mwenye kipara, mpole, anayekungoja huko Serbia, kocha wa timu ya wasichana ya mji wao. Mimi nilimjua alipokuwa kiungo. Alikuja kwenye klabu hii ninayoifulia jezi hadi leo, miaka ile mji huu wa Doha ulipokuwa ukichimbwa kila kona na huwezi kulala kwa kelele za mashine. Alikuwa amecheza Belgrade, akacheza Ugiriki, akacheza Ujerumani, na sasa miguu ilikuwa imeanza kumwambia ukweli. Kwa wengi wa aina yake Doha ilikuwa kituo cha mwisho. Wengine walikuja kupumzika. Yeye alikuja kucheza.

Hakuwa na kasi. Alikuwa na kitu kimoja tu, kwamba hukuweza kumpora mpira kwa nyuma. Kabla pasi haijamfikia, shingo ilikwisha kugeuka, na anayemjia alikuta hewa. Vijana wa timu walisema ana macho kisogoni. Nami nikasema hivyohivyo, mpaka nilipoanza kuzishika jezi zake.

Kazi yangu unaijua, ulikulia ndani yake. Mechi ikiisha nakusanya jezi kwenye kapu, na jezi za hapa hutoka mwilini zikiwa moto kama mkate. Huu ni mji ambao wakati wa joto ukifungua bomba la maji baridi unaungua. Sasa siku moja nashika jezi ya Slavko, moto kila mahali, ila katikati ya mgongo pana ubaridi. Paliloa pale, baridi ya kuuma vidole, ukubwa wa kiganja cha mtu. Nikamuuliza daktari wa timu kama alimweka barafu. Akaniambia, "Barafu mgongoni? Ya nini?" Mechi iliyofuata, vilevile. Nikawa naitafuta jezi yake kwanza, naigeuza, na kila mara kiganja kile kipo, mahali palepale. Nikainusa. Haikuwa harufu ya jasho. Mimi ni mtu wa Tanga, harufu ya bahari naijua hata usingizini. Hii ilikuwa ya maji yasiyo na chumvi, ya tope la mtoni. Na mto, mwanangu, nchi hii haina hata mmoja.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na kibarua changu na familia yangu, na mtu anayenusa jezi akasema zina mto hapewi mkataba mwingine.

Halafu nikaisikia sauti. Ligi ya hapa ilivyo unajua: wanaletwa wafanyakazi kwa basi, wanakalishwa upande ambao kamera ya televisheni inautazama, na upande wa pili ni viti vitupu toka chini hadi juu. Kumetulia hivi kwamba unausikia mguu ukigusa mpira. Nilikuwa benchi na chupa za maji. Slavko anangoja pasi, na kutoka upande ule wa viti vitupu mtu akaita, "Ledja!"

Sauti ya kijana, yenye kicheko ndani yake. Nikatazama. Viti tu. Slavko alikwisha kugeuka, akautoa mpira, na yule aliyekuwa akimjia kwa nyuma akateleza kwenye nyasi.

Baada ya mechi nikamkuta anafungua njumu zake. Tulikuwa na lugha yetu ya stoo, Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha sokoni. Nikamuuliza, "Ledja ni nini?"

Mikono yake ikasimama. "Umelisikia wapi hilo?"

"Uwanjani."

"Nani kasema?"

"Kijana mmoja. Sikumwona."

Akaziacha njumu chini. Kisha akanishika mkono hadi stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya rundo la mataulo na kunisimulia.

Kwao kuna mto mkubwa. Majira ya baridi mto huganda juu, na watu hukatiza kwa miguu. Alikuwa na rafiki, Vlada, walicheza pamoja katikati tangu utoto. Vlada alikuwa mzito wa miguu lakini mdomo wake haukupumzika. Slavko akipokea mpira, Vlada humwonya kwa neno hilo, ledja, yaani mgongo: kuna mtu mgongoni kwako. Alilifanya mzaha wake. Aliliita barabarani, aliliita darasani, aliliita hata kanisani mtu akiwa amesimama kusali. Siku moja wanakwenda mazoezini, wamekatiza mto, Slavko mbele na mfuko wa mipira. Nyuma yake Vlada akaita, "Ledja!" Slavko akacheka, hakugeuka. Alipofika ukingoni ndipo akageuka, akaona barafu tupu, na tundu.

"Theluji ilipoyeyuka nikarudi uwanjani," akasema, "mechi ya kwanza, nangoja pasi, akaita. Nikageuka. Na kweli palikuwa na mtu. Tangu siku hiyo nageuka kila anapoita. Ulaya kelele zilikuwa nyingi, nilikuwa namhisi tu. Hapa kumetulia. Hapa namsikia vizuri kama zamani."

Machozi yakawa yanamtoka. Aliendelea kusema, midomo yake niliiona ikicheza, lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza. Niliposikia kwamba maiti anamfuata mtu, akili yangu ilikwisha kufika Tanga.

Lazima nikwambie nilikuwa nani kabla ya kuwa baba yako. Ujana wangu niliufanyia kazi kamati ya ufundi ya timu yetu ya mtaani. Usidanganyike na jina, haihusiki na mazoezi. Kamati ya ufundi ndiyo iliyoamua timu iruke ukuta badala ya kupita getini, maana getini kumemwagwa kitu. Ndiyo iliyoamua wachezaji wavalie ndani ya basi, maana vyumba vimeshafanyiwa. Mimi nilikuwa mbeba chetezo. Nilifukiza jezi, na nilishona mvuje kwenye pindo la nahodha. Mvuje ni ule utomvu unaonuka ambao bibi yako alikufunga mkononi ulipokuwa mchanga, ili mashetani wakimbie. Na watu pia walikimbia.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: kikiwapo kitu kinachomfuata mtu, ni kibaya, na dawa yake ni kukifukuza. Sikuwahi kumsikia mtu wa kamati akiuliza, hiki kinachofuata kinataka nini?

Kabla ya mechi iliyofuata nikaitwaa jezi ya Slavko, nikaifukiza ndani ya stoo. Hakuna aliyeshangaa, nchi hii kila nyumba inafukiza udi. Vijana walipita wakasema mashallah, leo jezi zinanukia. Nikasoma nilichokariri. Nikashona kipande cha mvuje ndani ya pindo. Nilimhurumia, Mungu ni shahidi. Lakini usinifanye mwema kuliko nilivyokuwa. Nilijiona bingwa pia. Mzungu mwenye jina lake, amepita mikononi mwa madaktari wa nchi zote, na atakayemponya ni mimi, Bakari wa Tanga, kwa sindano na uzi.

Kipindi cha pili mpira ukamjia katikati ya uwanja. Akautuliza. Kisha, mwanangu, akasimama. Alisimama na mpira mguuni, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu mwenye simu sikioni laini ikiwa imekatika. Alikuwa anangoja. Nyuma yake kijana wa watu anakuja mbio, hana ubaya wowote, anaufuata mpira tu. Benchi zima tuliona.

Na neno nilikuwa nalo mdomoni. Nililijua. Mimi peke yangu katika uwanja ule ndiye niliyelijua, na sikuliita. Unajua kwa nini? Kwa sababu na mimi nilikuwa natega sikio upande ule wa viti vitupu, nione kama dawa yangu imefanya kazi.

Ilikuwa imefanya kazi. Kulikuwa kimya kabisa.

Goti lililia nikalisikia kutoka benchi. Tulipomfikia na machela hakulalamika maumivu. Alinishika shati akasema, "Hakuita, Bakari. Leo hakuita." Alikuwa na uso wa mtoto aliyesahauliwa shuleni. Hapo ndipo nilipoyaelewa machozi yake ya stoo. Nilidhani anaogopa, kumbe alikuwa akifurahi. Watu wote waliomjua Vlada walikuwa mbali au wamekufa, na hapa jangwani alikuwa amempata mtu mwingine aliyemsikia.

Niliichukua jezi ile. Moto tupu, kuanzia kola hadi pindo. Nikaufumua mvuje kwa meno, nikautupa, nikaitandika jezi kwenye sakafu ya stoo nikaweka kiganja changu pale mgongoni nikangoja. Hakuna kitu.

Daktari alisema goti lile lilikuwa limechoka siku nyingi, hata kwa kikohozi lingekatika. Huenda. Kila mara nikijisikia vibaya sana namkumbuka daktari yule. Lakini aliyeyaona mechi hadi mechi yale mabega yakigeuka kabla ya mpira, hawezi kujidanganya moja kwa moja. Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba na kikulindacho huweza kukaa nguoni humohumo, ukakifua na kukifukuza.

Slavko hakucheza tena. Siku anaondoka alikuja stoo na magongo yake kuniaga. Wewe ulikuwapo, ulikuwa umelala juu ya rundo la jezi kama kawaida yako. Akakufunika na jezi yake moja, akasema, "Hii ya mtoto." Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikamwuliza kama amepata teksi.

Jezi ile ndiyo uliyoifanya gauni. Ilikufika vifundoni, mama yako akaishiwa nguvu za kukuvua. Na ndiyo uliyoivaa siku ile kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba yetu hapa Fereej Bin Mahmoud, ulipokuja mbio kutaka maji ukaniuliza, "Baba, nani yule kaka anayeniita?"

"Kaka gani?"

"Anasema ledja, ledja. Halafu nikigeuka kuna mtu kweli anataka kuninyang'anya mpira."

Nikakuambia hakuna mtu, ni upepo. Nikakugeuza nikakushika mgongo. Ilikuwa saa ambayo hata kivuli kinatafuta kivuli. Palikuwa na ubaridi wa ukubwa wa kiganja.

Basi hiyo ndiyo sababu. Siku hiyohiyo nilikutoa mpirani, nikaifungia jezi juu ya kabati, nikamwambia mama yako kwamba umeanza kukua na haipendezi. Uongo huo ulikuwa mwepesi kuubeba, kila mtu aliuamini, hata majirani walinipongeza. Wewe ulilia hadi ukapata homa. Nami nilikuwa naogopa, mwanangu, naogopa hata kuandika. Nilidhani amekuja kulipiza. Nilimfukuza kwa rafiki yake, sasa amenifuata nyumbani kwa mwanangu. Nilikuwa nasimama mlangoni kwako ukiwa umelala, nasikiliza unavyopumua. Mvuje niliushona mara ya pili, hirizi nzuri kabisa, ikakaa mfukoni mwangu ikingoja nipate moyo wa kukuvika.

Kilichonizuia ni wewe. Nilirudi kazini siku moja alasiri nikakukuta koridoni, unapiga mpira wa soksi ukutani, kimyakimya, usinisikie. Kila mara kabla ya mpira kurudi ulikuwa unageuza shingo kuelekea ngazi. Hapakuwa na mtu kwenye ngazi. Na ulikuwa unacheka. Mpira ukakushinda, ukapotelea nyuma yako, ukageuka ukaiambia ngazi ile, "Siyo haki, umechelewa kuita!"

Mtu anayeandamwa hacheki hivyo. Nilisimama pale na mfuko wa mikate, na kwa mara ya kwanza nikaiuliza akili yangu swali ambalo kamati nzima haikuwahi kuuliza. Huyu anataka nini? Jibu lilikuwa mbele yangu miaka yote. Kijana aliita mara moja, hakugeukiwa. Anataka kugeukiwa tu. Kesho yake nikaitoa jezi juu ya kabati nikakurudisha uwanjani, na ukaniuliza kilichonibadilisha, nikasema mama yako.

Yaliyobaki unayajua. Umekua, sauti ukaacha kuitaja, nami sikuuliza. Nikamtumia Slavko video yako kwenye simu, nikisema ni salamu tu. Kesho yake akanipigia. Hakusema habari yako wala hujambo. Alisema, "Bakari, nani kamfundisha mtoto huyu kugeuka kabla ya mpira?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mlete."

Sasa kuhusu hirizi. Ile bahasha iliyoletwa juzi na mgeni kutoka Tanga haikuwa na picha za harusi, kama nilivyosema. Bibi yako amekutumia kinga ya safari, mvuje ndani ya kitambaa cheusi, na mama yako anataka niishone ndani ya koti lako. Kila nikipita ananisukuma kwa kiwiko. "Shona basi, Baba Mwanaidi, mtoto anakwenda ugenini peke yake."

Nimeinyoosha, nimeibusu kwa heshima ya mama yangu, na nimeivaa mimi. Iko chini ya fulana sasa hivi ninavyoandika, na inanuka kama deni la zamani. Kesho ukinikumbatia utajua. Mimi ndiye mwoga wa nyumba hii, acha kinga ikae kwa mwoga. Wala sitaki mtu yeyote anayefuatana na wewe abaki nyuma kwa ajili yangu. Anarudi kwao. Amekaa sana kwenye joto letu.

Jezi niliyokufulia leo nimeiweka juu kabisa ya sanduku. Haina jasho, imekaa kambani, imepigwa pasi. Nimeishika mgongoni kabla ya kukunja. Sitakuambia nilichokikuta, mkono wako ni mzuri kuliko wangu.

Ukifika, usimsimulie Slavko barua hii. Hilo ni langu, nitamwambia mwenyewe, kwa simu, wiki hii, na kama hatataka kunisikia tena nitakuwa nimeyataka. Wewe cheza tu mbele yake. Mechi ikiisha usiitupe jezi kapuni. Mpe aishike, pale mgongoni, halafu geuka utazame pembeni, maana mtu mzima akilia hapendi kutazamwa.

Nasikia lifti, nadhani ni nyinyi. Neno moja la mwisho.

Kesho ukishaonyesha pasipoti, ukaanza kwenda bila kutazama nyuma kama mnavyofanya vijana, utasikia mtu anaita kwa nguvu, "Ledja!" Watu watashangaa. Mama yako ataona haya. Huyo ni mimi, nimelibeba neno hilo mdomoni miaka yote hii. Geuka, mama, nikuone.

Na ukisikia tena ukiwa umeshaingia ndani, kule ambako mimi siruhusiwi kufika, ujue hiyo si sauti yangu. Geuka hivyohivyo.

Baba yako,
Bakari